Lugambo na Hesabu

Laini yetu ya kwanza ya simu haikuwa yetu. Tulitoka Kongo mwaka 2013 tukafika Lobule, Koboko, na baadaye mjomba akanichukua hapa Ajia nisome sekondari. Kuandikisha laini kulitaka kitambulisho cha taifa cha Uganda, nasi hatukuwa nacho. Basi jirani mmoja Mlugbara akatuandikishia kwa jina lake, bila kudai kitu. Ila tulijua: siku akihama au akikasirika, simu imekwisha.

Simu ilikuwa moja, kioo kimepasuka. Mchana ya mjomba, usiku yetu wanafunzi. Tulikuwa na kundi la WhatsApp la shule, watu kama thelathini hivi. Wakubwa, na hata wafanyakazi wa mashirika, wanapenda kutuuliza: mko hapo kwa masomo au kwa mchezo? Mimi swali hilo linanishinda. Mtu anatuma video ya watu wakicheza ndombolo, mwingine anamcheka, halafu katikati inaingia picha ya ukurasa wa daftari, hesabu imefanywa kwa biki nyekundu hatua kwa hatua. Nani angefungua kundi la hesabu tupu saa nne usiku?

Julai 2018 ikaja kodi ya OTT, shilingi 200 kwa siku, ndipo WhatsApp na Facebook zifunguke. Rais Museveni alikuwa ameandika kwamba watu wanatumia mitandao kwa lugambo, yaani umbea. Kwa mwenye mshahara 200 si kitu. Kwetu ilikuwa chai ya asubuhi. Wengine tukajifunza VPN, ingawa nayo inakula bando. Wengine walitoka tu kwenye kundi, kimya kimya, na hatukuwauliza wanasomaje.

Agosti 2019 UCC ikaruhusu wakimbizi kuandikisha laini kwa karatasi zao wenyewe. Sijaona mtu akiiandika siku hiyo kwenye historia yetu, na mimi naona ni kubwa. Mjomba alirudi kutoka Arua na laini yenye jina lake, akampigia jirani kwanza, kumshukuru. Machi 2020 shule zikafungwa kwa Korona, na laini ile ndiyo ikawa darasa. Masomo ya redio yalikuwepo, lakini redio huwezi kuiuliza swali.

Sisi wa S4 tulirudi shuleni Oktoba, mtihani ukiwa Machi 2021. Tarehe 12 Januari, siku mbili kabla ya uchaguzi, mitandao ikafungwa. Kesho yake usiku intaneti yote ikazimwa. Ilirudi baada ya siku tano, lakini WhatsApp ilibaki imefungwa hadi Februari, na VPN yetu ikagoma. Maswali yote ya mitihani ya nyuma yalikuwa mle ndani. Hatukuwa tumeandika hata moja kwenye karatasi.

Nilienda kwa msichana mmoja aliyetoka kwenye kundi kwa sababu ya zile 200. Miaka yote hiyo alikuwa anaazima madaftari ya watu na kunakili kwa mkono. Alikuwa na madaftari manne yamejaa, na pembeni mwa hesabu kulikuwa na vikatuni vya walimu na majina ya wavulana. Niliona aibu kuomba. Akanipa mawili, nirudishe Jumamosi. Nilipofika mlangoni akaniuliza kama bado tunatuma zile video za ndombolo.