Daraja la chuma la Bailey: lilitoka wapi, na linalindwa namna gani

Ukisafiri katika vijiji vya Mashariki, utavuka mito mingi juu ya kilalo cha vyuma chenye mbao chini ya magurudumu. Mara nyingi ni daraja la Bailey.

Jina hilo ni la Donald Bailey, injinia wa Uingereza, aliyelibuni wakati wa vita ya pili ya dunia. Jeshi lilihitaji daraja la kujengwa haraka, bila mashine kubwa. Mwaka 1942 lilitumika vitani mara ya kwanza, huko Tunisia. Kisha vita likaingia katika barabara za raia duniani kote, na kwetu pia.

Siri yake ni kipande kimoja: fremu ya chuma yenye urefu wa mita 3 na kimo cha mita 1 na nusu hivi. Kina kilo 260 karibu, watu sita wanakibeba. Vipande vinaungwa kwa pini, halafu daraja lote linasukumwa juu ya magurudumu toka ng'ambo moja mpaka ya pili. Ukitaka nguvu zaidi, unapanga vipande viwili ao vitatu sambamba, ao unavipandisha juu ya vingine. Ndiyo maana madaraja mawili yanayofanana kwa mbali hayabebi tani sawa. Kibao cha tani kinahusu daraja lile tu.

Linaharibika vipi? Kwanza, lori lenye mzigo kupita kiasi, ao malori mawili kuingia pamoja. Pili, wizi: pini na bulo zinang'olewa na kuuzwa kama vyuma vikuukuu. Pini moja ikikosekana, uzito wote unahamia kwa zingine. Tatu, matope yanayobaki juu ya vyuma yanashika maji na kuleta kutu, na mbao zinaoza. Nne, mto unakula udongo chini ya misingi wakati wa mvua.

Wakaaji wanaweza kufanya mengi kwa salongo: kufagia matope, kuzibua mifereji, kuondoa magogo yaliyokwama. Lakini pini na vyuma ni kazi ya mafundi. Ukiona pengo, simamisha magari, mwambie chefu wa kijiji, naye apeleke habari kwa Office des Routes.

Daraja likianguka, muhogo unaozea shambani, na mama mwenye uchungu anabaki ng'ambo ya mto.