Nikea Haikumfanya Yesu Mungu kwa Kura

Katika mihadhara ya dini, iwe ya Dar es Salaam au ya Mombasa, kuna hoja isiyokosa kusikika: kwamba Yesu alifanywa Mungu mwaka 325, Kaisari Konstantino alipowakusanya maaskofu mjini Nikea akawapigisha kura. Hata Wakristo wengi wameimeza, na wanaoipinga mara nyingi huijibu kwa hasira badala ya historia. Ushahidi hauibebi hoja hiyo. Waliokutana Nikea, mji ambao leo unaitwa Iznik nchini Uturuki, hawakubishana kama Masihi aitwe Mungu au asiitwe, maana pande zote mbili zilikuwa zikimwita hivyo tayari. Walichogombania kilikuwa kizito zaidi: maandiko yanapompa Mwana jina la Mungu, yanampa kwa maana gani, na imani ya Mungu mmoja inasimama wapi?

Tuanze na yaliyokuwapo kabla ya mtaguso huo. Waraka wa Paulo kwa Wafilipi uliandikwa karne ya kwanza. Sura yake ya pili inamweleza Kristo kuwa alikuwa na hali ya Mungu kabla ya kujishusha na kuwa mtu, kisha inampa heshima ya kupigiwa magoti na viumbe vyote, heshima ambayo kitabu cha Isaya kimemwekea Mungu peke yake. Nakala ya mafunjo ya nyaraka za Paulo iitwayo P46, ambayo wataalamu wengi wa maandishi ya kale huikadiria kuwa ya mwaka 200 hivi, ina maneno hayo, na wakati huo Konstantino alikuwa hajazaliwa. Shahidi mwingine hana sababu yoyote ya kuwapendelea Wakristo. Plinio, liwali wa Kirumi aliyekuwa akiwahukumu kifo, alimwandikia Kaisari Trajano mnamo mwaka 112 kwamba watu hao hukutana kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama mungu. Jimbo alilolitawala ni Bithinia, na Nikea imo ndani yake. Si kwamba wote walikubaliana. Mwishoni mwa karne ya pili, Theodoto wa Bizantio alifundisha mjini Roma kwamba Yesu alikuwa mtu aliyeshukiwa na nguvu za Mungu, na Askofu Viktori akamtenga. Kumbuka kwamba siku hizo kanisa halikuwa na kaisari wa kulisaidia. Makaisari walikuwa upande wa mashtaka.

Ario, ambaye mafundisho yake ndiyo yaliyokataliwa Nikea, naye anastahili kusomwa kwa haki, kwa sababu hoja ya kura humfanya aonekane mtetezi wa Yesu aliye mtu tu, na hivyo sivyo alivyofundisha. Alikuwa kasisi mjini Aleksandria, Misri, na mzozo wake na askofu wake Aleksanda ulipamba moto mnamo mwaka 318. Alikiri kwamba Mwana alikuwapo kabla ya nyakati zote na kwamba ulimwengu uliumbwa kwa njia yake. Ila, alisema, huyo Mwana mwenyewe aliumbwa na Baba pasipo kitu, hivyo ana mwanzo. Alikuwa na maandiko mkononi: Mithali sura ya 8, Hekima anapozungumzia asili yake mwanzoni mwa kazi za Mungu, Yohana 14:28, Yesu anapokiri ukuu wa Baba, Marko 13:32, Mwana asipoijua siku ya mwisho. Wapinzani wake walimjibu kwa mwanzo wa Injili ya Yohana na kwa sura ya kwanza ya Waebrania. Mistari dhidi ya mistari isingemaliza ugomvi, na Athanasio, aliyemrithi Aleksanda katika uaskofu, aliliona hilo. Jibu lake lilikuwa na ngazi mbili. Kwanza, maandiko yanayomshusha Masihi yanasema habari za ubinadamu alioutwaa. Pili, na hapa ndipo alipogusa mzizi, Wakristo tangu mwanzo wamemwabudu Kristo na kubatiza kwa jina lake pamoja na Baba. Ikiwa yeye ni kiumbe, hata awe wa kwanza, basi ibada hiyo ni ya sanamu, na kiumbe hawezi kumuunganisha kiumbe mwenzake na Mungu. Kwangu hoja hii ya pili ndiyo iliyomshinda Ario, kwa kuwa yeye pia aliendelea kumwabudu Kristo.

Itasemwa: lakini nguvu ya Kaisari je? Ni kweli, Konstantino ndiye aliyeuitisha mtaguso, na Ario alipelekwa uhamishoni pamoja na maaskofu wawili wa Libya, Sekundo na Theona, waliokataa kutia sahihi. Sina sababu ya kulificha jambo hilo. Tatizo ni yaliyofuata. Baada ya miaka michache Ario aliitwa arudi, na mwaka 335 Konstantino huyohuyo akamfukuza Athanasio hadi Trier, mbali kabisa na Misri. Mwaka 337 Kaisari alibatizwa karibu na kufa kwake na Eusebio wa Nikomedia, rafiki wa Ario. Konstantio, mwana wa Konstantino aliyetawala baada yake, alijitahidi kuizika Nikea, na mwaka 359 maaskofu walishinikizwa katika mitaguso ya Rimini na Seleukia wakubali tu kwamba Mwana anafanana na Baba. Mkono wake ulinyooshwa hata ufalme wa Aksum: mnamo mwaka 356 aliwaandikia watawala wa huko, Ezana na nduguye Sazana, akitaka Frumentio, aliyewekwa wakfu uaskofu na Athanasio, arudishwe Aleksandria akahojiwe imani yake. Barua hiyo imehifadhiwa katika maandishi ya Athanasio mwenyewe. Frumentio anaheshimiwa Ethiopia hadi leo kwa jina la Abba Salama, na kanisa la huko linaishika imani ya Nikea. Laiti amri ya kaisari ingetosha kutunga mafundisho, ungamo la Rimini ndilo lingedumu. Kaisari Theodosio aliipa Nikea nguvu ya sheria mwaka 380, ndiyo, lakini sheria hiyo haielezi imani hiyo iliponaje chini ya Konstantio na Valens, makaisari waliomtangulia, waliokuwa na majeshi na mahakama vilevile.

Pingamizi linalonipa kazi zaidi ni jingine. Neno lililotumika Nikea kusema Mwana ni wa umungu mmoja na Baba halimo katika Biblia, na inaripotiwa kwamba maaskofu waliomhukumu Paulo wa Samosata, askofu wa Antiokia, mjini humo mwaka 268 walilikataa neno hilohilo. Je, mtaguso unaodai kuyatetea maandiko unaruhusiwa kutoka nje yake? Athanasio anaeleza kwamba kwanza walijaribu maneno ya Biblia, lakini wafuasi wa Ario walikubali kila moja kwa maana yao: Mwana anatoka kwa Mungu, sawa, kwani vitu vyote vinatoka kwa Mungu. Ugomvi juu ya maana ya andiko haumalizwi kwa kulikariri andiko lenyewe. Hata hivyo wasiwasi haukuwa wa wazushi tu. Eusebio wa Kaisaria alitia sahihi, kisha akaliandikia kanisa lake barua ndefu kujieleza. Maaskofu wengi wa Mashariki waliogopa kwamba neno hilo linamchanganya Baba na Mwana kuwa nafsi moja, na hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa kuwa tamko la Nikea lilitumia maneno mawili ya Kigiriki, la asili na la nafsi, kana kwamba ni kitu kimoja. Basili wa Kaisaria na Gregori wawili wa Kapadokia ndio waliotenganisha matumizi yake, asili moja na nafsi tatu, na kazi yao ikawapatia maaskofu hao wa Mashariki njia ya kuikubali Nikea bila kuiacha hofu yao ya haki. Kanuni ya Imani isomwayo makanisani siku hizi ni ile inayohusishwa na mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381, ambayo iliziacha laana zilizoelekezwa kwa Ario, ikapanua maneno juu ya Roho Mtakatifu, na kulibakiza neno lile la umungu mmoja.