Siri Ipitayo Njia ya Wote

Tangu reli ya kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, na hasa tangu wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walipounda chama chao mwaka 1925, ambacho mahali pake palishikwa na chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, mji huu umeishi kwa habari zitokazo mbali, za bei, za hesabu na za amri za makao makuu. Na kila habari ya namna hiyo ilidai mambo mawili yasiyopatana kwa urahisi, yaani ifike upesi, na isijulikane na asiyehusika.

Katika zama za telegrafu, karani wa posta alisoma kila neno alilopewa kulipeleka, na kila neno lililipiwa. Kwa hiyo wafanyabiashara wa dunia walitumia vitabu vya mafumbo, mashuhuri miongoni mwao kile cha Bentley cha mwaka 1906, ambamo sentensi nzima iliwakilishwa na neno bandia la herufi tano. Walakini kitabu kiuzwacho dukani huhifadhi fedha, hakihifadhi siri. Baadaye, taasisi yenye ofisi Moshi na Dar es Salaam ilipotaka kompyuta zake zisemezane kwa faragha, ilikodi laini yake peke yake kwa shirika la simu na kuilipia mwezi hadi mwezi, itumike isitumike. Jambo hilo walilimudu wenye mali, si zahanati wala chama cha msingi cha wakulima kilichoko mteremkoni.

Intaneti ilipokuja ilikuwa rahisi, lakini ilikuwa wazi kama mfongo, yaani mfereji wa Wachagga, ambao maji yake hukata vihamba vya watu wengi kabla ya kumfikia aliyekusudiwa. Dawa ilikwisha kutungwa Marekani mwaka 1976, pale Whitfield Diffie na Martin Hellman walipodhihirisha kwamba wawili wasiopata kuonana waweza kuafikiana juu ya ufunguo wa siri hali kila mtu anawasikia. Juu ya msingi huo zilijengwa kanuni za IPsec, zilizotangazwa mwaka 1995 na kusanifiwa upya mwaka 1998, ambazo huwezesha malango mawili ya mtandao kufunga pakiti nzima ya data, pamoja na anwani zake za ndani, ndani ya pakiti nyingine, isipite ila imesimbwa. Njia ya namna hiyo huitwa handaki, na mtandao wa faragha uliojengwa kwayo huitwa VPN.

Kazi ya kuunganisha ofisi mbili kwa kanuni hizo si ndefu, ila haivumilii uzembe. Fundi wa Moshi huandika katika lango lake anwani ya lango la Dar es Salaam, na mwenzake vivyo hivyo. Kisha wote hutaja mitandao ya ndani iruhusiwayo kupita, namna ya usimbaji, na ufunguo wa pamoja. Malango huanza kusemezana kwa UDP nambari 500, na kama lango moja limekubali usimbaji wa AES pekee ilhali la pili lingali limeshikilia ule wa 3DES, mazungumzo hukoma papo hapo. Yaudhiyo zaidi ni pale ofisi zote mbili zinapotumia anwani zianzazo na 192.168.1, kama ruta nyingi zitokavyo kiwandani: kompyuta ya Moshi huidhani ya Dar es Salaam imo chumba cha pili, na pakiti haifiki hata langoni.

Nyaya za baharini za SEACOM, mwaka 2009, na EASSy, mwaka 2010, pamoja na Mkongo wa Taifa, ziliipanua intaneti, njia hiyo ya wote, hata Agosti 2022 intaneti ya kasi ikazinduliwa Horombo, mlimani Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka watu na makampuni yatumiayo VPN kujitambulisha kwake kufikia tarehe 30 ya mwezi huo; na kwa maoni yangu ni haki handaki liunganishalo ofisi mbili lisichanganywe na lile la mtu afichaye mahali alipo.

Nawe msimamizi wa shule, zahanati au chama cha msingi, muulize fundi wako leo ufunguo wa handaki lenu ni wa namna gani, na ulibadilishwa lini. Ikiwa ni jina la ofisi na mwaka wa kuasisiwa kwake, amuru ubadilishwe pande zote mbili kabla ya jua kuchwa.