Bei ya Kitabu Kisicho na Karatasi: Hoja kutoka Malampaka

Mkulima wa pamba wa Malampaka, wilayani Maswa mkoani Simiyu, hahitaji kufundishwa kwamba bei ni jambo moja na haki ni jingine. Msimu wa 2019 serikali ilitangaza bei elekezi ya shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya soko la dunia ikashuka, wanunuzi wakasuasua, pamba ikalala kwenye maghala ya vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS) na wenyewe wakangoja fedha zao. Aliyetazama tarakimu peke yake angesema mkulima amepata bei nzuri. Mjadala wa bei ya vitabu pepe nao umekwama hapohapo kwenye tarakimu, na ndiyo maana haujatufikisha mbali.

Wasomaji wanauliza: kama hakuna karatasi, wino, lori wala ghala, kwa nini kitabu pepe kikaribiane bei na kitabu cha karatasi? Wachapishaji wanajibu kwamba karatasi ni sehemu ndogo ya gharama. Mhariri, mpangaji kurasa, mchora jalada na mwandishi wanalipwa vilevile hata kama kitabu kitasomwa kwenye kioo. Pande zote mbili zina ukweli wake, na zote mbili zinazungumzia gharama za muuzaji. Makala hii inadai kwamba kipimo hicho hakitoshi. Kitabu pepe kipimwe kwa haki anazozipata aliyelipa: je, anaweza kukiazimisha, kukigawa, kukiuza tena, kukirithisha? Kwa kipimo hicho vitabu pepe vingi ni ghali, hata pale ambapo bei yake inaonekana ndogo.

Tumalizane kwanza na karatasi. Hoja ya wachapishaji ilitungwa London na New York, ambako kitabu huchapwa kwa maelfu mengi ya nakala na gharama ya kila nakala ikapungua. Tanzania hali ni nyingine. Serikali ilipovunja kamati ya ithibati ya vitabu, EMAC, mwaka 2013 na kuirudishia Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) kazi ya vitabu vya kiada, wachapishaji binafsi walibaki na vitabu vya ziada, riwaya na vitabu vya watoto: soko dogo, na hivyo chapa ndogo. Kiwanda cha karatasi cha Mufindi kinatengeneza zaidi karatasi ngumu za mifuko na vifungashio, kwa hiyo karatasi ya kitabu huagizwa nje kwa fedha za kigeni. Halafu kuna safari. Kutoka Dar es Salaam hadi stesheni ya Malampaka, kwa reli ya zamani inayopita Tabora kwenda Mwanza, ni zaidi ya kilometa 1,000, na siku hizi kitabu kimojakimoja husafiri kama kifurushi kwenye basi. Mtu wa Malampaka anayeagiza riwaya moja anaweza kulipia usafiri kiasi kinachokaribia bei ya riwaya yenyewe.

Maana yake ni kwamba karatasi na usafiri vina uzito mkubwa zaidi kwetu kuliko kwao. Mchapishaji wa Dar es Salaam anayeuza kitabu pepe kwa bei inayokaribia ya kitabu cha karatasi, akinukuu hoja ya wenzake wa Ulaya, amevaa kiatu kisichokuwa chake. Na hata huko kwao bei haikufuata gharama siku zote. Apple ilipoingia kwenye biashara hii mwaka 2010 pamoja na wachapishaji wakubwa watano, bei ya vitabu vipya vilivyokuwa vikiuzwa na Amazon kwa dola 9.99 ilipanda hadi dola 12.99 na 14.99. Serikali ya Marekani iliwashtaki Aprili 2012. Mwaka uliofuata mahakama ikaona kwamba Apple ilishiriki katika njama ya kupandisha bei, na mwishowe kampuni hiyo ikalipa dola milioni 450. Bei hizo zilipangwa mezani, hazikutokana na hesabu ya wino.

Kuhusu kifaa cha kusomea sitakawia. Kindle ya kwanza ya Amazon, Novemba 2007, iliuzwa dola 399. Ile ya kawaida ya mwaka 2019 ilitolewa kwa dola 90 hivi, sawa na zaidi ya shilingi 200,000 wakati huo kabla ya usafiri. Kwa bei elekezi ya msimu uleule hizo ni karibu kilo 170 za pamba, na kwa mkulima mdogo ambaye mvua haikumwendea vizuri hiyo yaweza kuwa ekari nzima. Lakini ni wachache sana Malampaka wanaofikiria kununua Kindle. Kinachosomewa ni simu janja, ambayo ilinunuliwa kwa ajili ya kupokea na kutuma fedha, WhatsApp na mpira. Kwa hiyo si haki kuitia bei yote ya simu kwenye hesabu ya kitabu.

Hata bando, ambalo hulaumiwa sana kwenye semina zetu, nalionea huruma kidogo. Riwaya iliyoandaliwa vizuri kama faili la maandishi haifiki hata megabaiti chache. Kijana anayetazama magoli ya jana ametumia zaidi ya hapo kabla ya nusu ya kwanza kwisha. Kinachokula bando ni vitabu vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuitwa vitabu pepe. Huo ni uvivu wa mwandaaji, na gharama yake anabebeshwa msomaji.

Sasa tufike kwenye haki zenyewe. Chukua Takadini ya Ben J. Hanson au Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, vitabu ambavyo vizazi vya wanafunzi wa sekondari vimevisoma kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne. Nakala moja hujaladiwa kwa gazeti, husomwa na watu watatu kwenye dawati moja, humfuata mdogo mtu miaka miwili baadaye, kisha hufika kwa jirani. Tuseme ilinunuliwa kwa shilingi 10,000 na ikasomwa na watu 20 kabla jalada halijatoka: kila msomaji amegharimu shilingi 500. Kitabu pepe cha shilingi 6,000 kilichofungwa kwenye akaunti ya mtu mmoja kina punguzo la asilimia 40 ukitazama lebo. Ukihesabu wasomaji, ni ghali mara 12. Idadi ya wasomaji ni ya kukadiria, na anayetaka aweke 10 badala ya 20. Bado kitabu cha karatasi kitashinda kwa mbali. Katika mji ambao kitabu ni mali ya ukoo na ya mtaa, kumuuzia mtu mmoja haki ya kusoma peke yake ni kumpunguzia bidhaa zaidi kuliko unavyompunguzia bei.

Na hata hiyo haki ya mtu mmoja haina uhakika. Julai 2009 Amazon iliingia kwenye vifaa vya wateja wake na kufuta nakala za 1984 ya George Orwell, kwa sababu muuzaji aliyeziweka hakuwa na hakimiliki. Wateja walirudishiwa fedha, lakini hakuna duka la vitabu la Mwanza linaloweza kuingia chumbani kwako usiku na kukuachia noti mezani. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu pepe. Vitabu vikaacha kufunguka, fedha zikarudishwa. California imetunga sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayomlazimu muuzaji wa bidhaa za kidijiti kumweleza mteja waziwazi kwamba anapewa leseni tu. Maktaba nazo zimeonja: mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji ya HarperCollins iliamua kwamba kitabu pepe kikishaazimwa mara 26, maktaba ikilipie upya. Kitabu cha karatasi kilichoazimwa mara 26 huhitaji gundi tu.

Itasemwa kwamba nimesahau faida. Sijazisahau. Kwa Mtanzania aliyeko Muscat au London, ambako posta huweza kuzidi bei ya kitabu, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, ingekuwa nafuu kwake kama kitabu pepe hata kwa bei kamili. Kwa asiyeona, simu inayomsomea kwa sauti haina bei. Lakini tazama nani ananufaika: mwenye kadi ya benki na intaneti ya nyumbani. Msomaji wa Malampaka, ambaye riwaya ya Kiswahili iliandikwa akiwa mmoja wa walengwa wake, ndiye anayekumbana na duka linalodai dola.

Mwandishi naye hanufaiki inavyodhaniwa. Amazon humlipa anayejichapishia asilimia 70 ikiwa kitabu kimewekwa kati ya dola 2.99 na 9.99 na mnunuzi yuko katika nchi zilizo kwenye orodha yake. Tanzania haimo. Anayenunua kutoka Maswa humpatia mwandishi asilimia 35, yaani dola moja na senti chache kwa kitabu cha dola 2.99. Linganisha na waandishi wanaouza hadithi zao kwa WhatsApp: msomaji anatuma shilingi elfu moja au mbili kwa simu, anaingizwa kwenye kundi au anatumiwa faili, na karibu fedha yote inabaki kwa mwandishi. Tozo za miamala za Julai 2021 ziliwaumiza, ndiyo, na faili likishatoka halirudi, litasambazwa bure. Wanazuoni wetu huudharau uchuuzi huu, pengine kwa sababu ya ubora wa baadhi ya hadithi zenyewe. Mimi nauona kuwa soko pekee la vitabu pepe nchini lililopata bei ya haki: fedha ndogo, kwa shilingi, na faili ambalo msomaji analishika mwenyewe.

Wachapishaji wetu wangefanya vema kuiga hapo. Kitabu kilichofungwa kwenye akaunti ya mtu mmoja kisizidi theluthi ya bei ya kitabu cha karatasi. Chenye ruhusa ya kuazimishwa kinaweza kufika nusu. Shule ilipie mara moja leseni isiyo na kikomo cha wasomaji wala miaka. TET tayari inaruhusu vitabu vya kiada kusomwa bila malipo kwenye maktaba mtandao yake, na kazi zinazoshinda Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu zinachapwa kwa fedha za umma. Kila kazi ya namna hiyo ingepaswa kupatikana pia kama faili jepesi la bure, na mwandishi alipwe kutoka kwenye fungu lilelile.

Limebaki la Hazina. Kenya iliweka kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 kwenye vitabu mwaka 2013, na wazazi wake wakaibeba. Tanzania ilikuwa na busara zaidi: Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya 2014 inasamehe vitabu vilivyochapwa. Ila msamaha huo uliandikwa kwa ajili ya karatasi, ilhali huduma za kielektroniki kutoka nje ziliingizwa kwenye wavu wa VAT mwaka 2022. Uingereza ilifuta kodi hiyo kwa vitabu pepe tarehe 1 Mei 2020. Wabunge wa Simiyu na wenzao wadai marekebisho ya aina hiyo katika Muswada wa Fedha unaofuata.