Hatua za nani? Vipimo vya zamani na mashamba ya Sange

Karatasi yenyewe ni ya mwaka 1987. Imekunjwa mara nne, wino umeanza kufifia, lakini maneno yanasomeka: shamba limeuzwa, urefu hatua 50, upana hatua 30, mbele ya chef wa kijiji na mashahidi wanne. Wamepiga kidole, chef ametia sahihi. Hakuna mita hata moja.

Niliitwa kuisikiliza kesi hiyo kwa ajili ya radio, kwenye mashamba ya mpunga upande wa chini wa Sange, tambarare inapoanza kutelemka kuelekea Ruzizi. Aliyeuza amekufa. Aliyenunua amekufa. Chef naye, aliyetembea hatua zile kwa miguu yake, tulimzika zamani. Waliobaki ni watoto na wajukuu. Upande mmoja unasema chef alikuwa mtu mrefu mwenye kupiga hatua kubwa. Upande wa pili unasema hapana, muzee yule alikuwa mfupi, na siku ile aliumwa goti. Ndiyo kusema watu wazima walikaa chini ya mwembe asubuhi nzima wakibishana juu ya miguu ya marehemu.

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Lakini katika mabishano hayo kuna familia inayoweza kupoteza nusu ya chakula chake.

Nilifanya jaribio dogo papo hapo. Nilikuwa na dekametri niliyoazima kwa fundi mwashi. Nikamwomba mama mmoja, mtu wa kimo cha chini, atembee hatua 50 kwenye njia ya mfereji. Tukapima: mita 31. Kijana mmoja mrefu akatembea hatua 50: mita 42. Basi chukueni karatasi ya 1987 muigeuze kuwa mita. Kwa hatua za mama, shamba ni mita 31 kwa mita 18 na nusu hivi, yaani mita mraba 577, chini ya ari 6. Kwa hatua za kijana ni mita 42 kwa mita 25 hivi, yaani mita mraba 1,058, zaidi ya ari 10. Karatasi ni moja, sahihi ni moja, na shamba moja linakaribia kuwa mawili.

Hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Hatua ya kijana inaizidi ya mama kwa theluthi moja na kidogo tu. Lakini shamba lina urefu na upana, basi kosa linaingia mara mbili. Kosa dogo kwenye mguu linakuwa kosa kubwa kwenye gunia.

Wazee wetu hawakuwa wajinga. Zamani udongo wa hapa haukugawiwa kwa hesabu. Mtu aliyepewa mahali na mwami au na mkubwa wa kijiji alionyeshwa mipaka: toka kijito hiki mpaka kwenye mti ule, ukingo wa kilima, njia ya ng'ombe. Kule Bushi mtu alitoa kalinzi, mara nyingi ng'ombe, akapata haki ya kulima, wala hakuna aliyeuliza ni mita ngapi. Mahali palijulikana kwa majina na kwa majirani. Namba zilianza kuwa za lazima pale udongo ulipokatwa vipande vidogo na kuuzwa kwa franka.

Vipimo vya mwili vilikuwepo, lakini kazi yake kubwa ilikuwa nguo. Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameshatangulia, na kitambaa cha merikani ndicho kilikuwa pesa. Kilipimwa kwa mkono, toka kiwiko hadi ncha ya kidole, karibu sentimita 46. Mikono minne ilikuwa shuka, mikono minane doti. Mikono minne ni pia pima moja, yaani upana wa mtu aliyenyoosha mikono yote miwili, kama mita 1 na sentimita 80. Bila shaka mnunuzi alipenda kupimiwa na mtu wa mikono mirefu, na mwuzaji alitafuta mfupi. Ugomvi wetu wa mfereji si mpya, umehama tu toka kwenye nguo kuja kwenye udongo.

Mita ilikuja na Wabelgiji. Yenyewe ilizaliwa Ufaransa, wakati wa mapinduzi yao, kwa sababu iliyo karibu sana na kilio chetu: kila jimbo lilikuwa na futi yake na wakulima walikuwa wakiibiwa. Mwaka 1791 wakaamua kipimo kisitoke kwenye mwili wa mtu yeyote, hata mfalme, bali kwenye dunia yenyewe: sehemu moja ya milioni kumi ya umbali toka ncha ya kaskazini hadi ikweta. Wataalamu wawili, Delambre na Méchain, walipima toka Dunkerque hadi Barcelona kwa miaka mingi katikati ya vita. Ari na hektari zikatoka hapo. Ari moja ni mita 10 kwa mita 10. Hektari ni mita 100 kwa mita 100, yaani ari 100.

Lakini kipimo kizuri mkononi mwa mwenye nguvu si lazima kikulinde. Tarehe 1 Julai 1885 serikali ya Leopold II ilitoa amri kwamba udongo ulio wazi ni mali ya Serikali, na udongo ambao haukupimwa wala kuandikwa ulikuwa rahisi kuitwa wazi. Baadaye sheria ya 20 Julai 1973 ikasema udongo wote ni wa Serikali. Udongo wa vijiji ikauachia amri ya Rais ambayo ingekuja kueleza haki zake. Amri hiyo ilisubiriwa kwa miaka mingi. Wakati wa kusubiri, watu wa Sange waliendelea kununua na kuuza kama kawaida, kwa chef, kwa mashahidi, kwa hatua.

Kuna mchanganyiko mwingine ambao naukuta sana siku hizi. Ndugu zetu waliokimbilia Tanzania tangu 1996 wamerudi na neno "eka". Eka si hektari. Eka ni mita mraba 4,047, yaani ari 40 na nusu hivi, na hektari moja ni karibu eka mbili na nusu. Ilitoka kwa Waingereza. Mwaka 1620 Edmund Gunter alitengeneza mnyororo wa chuma wa kupimia, wenye urefu wa mita 20 na sentimita 12. Mnyororo mmoja kwa minyororo kumi ni eka moja. Kule Uganda vipimo vya Waingereza viliingia hata kwenye jina la udongo: mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uligawa ardhi kwa maili mraba, na mpaka leo ardhi hiyo inaitwa mailo.

Wakulima wa Tanzania wana kanuni yao: eka ni hatua 70 kwa hatua 70. Nimeipigia hesabu. Ili iwe kweli, kila hatua lazima iwe kama sentimita 91, na hiyo ni yadi ya Mwingereza, si mguu wa mwanadamu anayetembea kwa raha. Yule mama wa mfereji akitembea hatua zake 70 kwa 70 atapata mita mraba 1,884 hivi, hata nusu ya eka haifiki. Kama unanunua shamba kwa mtu aliyerudi toka ng'ambo ya ziwa, muulize kwanza: eka yako ni ya kuruka au ya kutembea?

Kamba nayo si malaika. Ya katani ikilowa inajikunja, ya nailoni ikivutwa inarefuka. Kamba ya mita 20 iliyorefuka kwa mita moja tu, ukiilaza mara tano kila upande, inakupa ari 10 zaidi ya hektari. Ari kumi ni kiwanja cha nyumba na bustani ya nyanya. Gunter hakuchagua chuma kwa urembo.

Narudi kwenye kesi yetu. Ilipofika saa sita mama mmoja mzee, jirani, ambaye hakuwa upande wowote, aliuliza swali ambalo sisi wenye dekametri hatukulifikiria. Siku ile ile, akasema, chef huyo huyo aliwapimia na wao. Akatuma mjukuu nyumbani, na karatasi ikaja: toka ukingo wa mfereji hadi jiwe la daraja dogo, hatua 40. Mfereji ni ule ule wa saruji, na jiwe la daraja lipo, halijasogezwa na mtu.

Tukapima. Mita 29 na sentimita 60. Gawa kwa 40: hatua ya marehemu ilikuwa sentimita 74. Kwa hiyo shamba linalogombaniwa lilikuwa mita 37 kwa mita 22 na sentimita 20, yaani ari 8 na kidogo. Si sita, si kumi na nusu. Wale wa "chef mrefu" walinuna, wale wa "goti" walinuna pia, lakini hakuna aliyeweza kuipinga karatasi ya mama.

Kama una karatasi ya hatua nyumbani, fanya hivi kabla mashahidi hawajaisha. Nyoosha mita 20 kwa dekametri, mwombe aliyepima zamani, akiwa bado hai, atembee mara tatu kwa mwendo wake wa kawaida. Akitumia hatua 27, hatua yake ni sentimita 74. Andika namba hiyo chini ya karatasi pamoja na jina lake, tarehe na sahihi za majirani wote wa mipakani. Kama ameshakufa, tafuta karatasi nyingine aliyoipima, penye kitu ambacho hakikuhama.

Pale mfereji walipanda upya mimea ya mpaka jioni ile ile, kila pembe miche miwili. Niliwaachia dekametri hadi kesho yake. Fundi alinigombeza.