Chapa ya Maandiko Matakatifu: Kutoka Mbao za Chengdu hadi Chasu cha Upare

Neno chapa lina asili ya Bara Hindi, na maana yake ya msingi ni alama inayobaki pale kitu kinapogandamizwa juu ya kingine, kama muhuri juu ya waraka au ubao wenye nakshi juu ya kitambaa. Katika kupiga chapa vitabu kwa njia hiyo, China ilitangulia, na dini ya Buda ndiyo iliyoikuza kazi hiyo zaidi, kwa kuwa wafuasi wake waliamini kwamba kuzidisha nakala za sutra, yaani maandiko ya mafundisho ya Buda, huwaletea thawabu anayezigharimia na wale aliowanuia.

Mwandishi alinakili maneno kwenye karatasi nyembamba, karatasi ikabandikwa kifudifudi juu ya ubao, kisha mchongaji akaondoa mti uliozizunguka alama za maandishi hayo hadi zikabaki zimeinuka na kugeuka kinyume. Ubao ulipakwa wino, ukalaziwa karatasi, na karatasi ikasuguliwa mgongoni kwa brashi, bila mtambo wowote. Kwa njia hiyo Wang Jie alitoa Sutra ya Almasi mwaka 868 kwa niaba ya wazazi wake, ili igawiwe bure. Nakala yake, iliyohifadhiwa katika pango la Dunhuang, ni msokoto wa karatasi saba zilizoungwa, wenye urefu wa takriban mita 5. Karne moja baadaye, kati ya 971 na 983, mjini Chengdu ulichongwa mkusanyo mzima wa maandiko ya Kibuda kwa amri ya mfalme, kazi iliyohitaji mbao zipatazo 130,000.

Ubao ulifuata tabia ya hati. Kichina kina alama maelfu kwa maelfu, hivyo hata herufi za udongo zinazopangwa na kupanguliwa, alizozibuni Bi Sheng katika miaka ya 1040, hazikuiondoa kazi ya wachongaji. Hati ya Kilatini, yenye herufi chache, ilikuwa na hali nyingine: tangu Biblia ya Gutenberg ilipotoka Mainz karibu na 1455, ukurasa uliundwa kwa herufi za madini ambazo, chapa ikiisha kupigwa, hupanguliwa na kurudishwa katika visanduku vyake zikingojea maneno mengine.

Ufundi huo wa herufi za kupanga ulistawi Unguja kwa njia mbili. Sultani Barghash bin Said, aliyezuru Uingereza na Misri mwaka 1875, alianzisha kiwanda cha chapa karibu na 1880, nacho kikatoa vitabu vya Kiarabu vya madhehebu ya Ibadhi, kikiwemo Himyan al-Zad, tafsiri ndefu ya Qurani ya Muhammad bin Yusuf Atfayyish, mwanachuoni wa Mzab katika Algeria. Kabla ya kiwanda hicho, Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyofika Unguja mwaka 1864, ilikuwa imewafundisha kupanga herufi vijana waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Edward Steere, aliyekuwa askofu wake hadi kufa kwake mwaka 1882, alitafsiri maandiko kwa Kiunguja. Agano Jipya lilitoka kamili mwaka 1883 na Biblia nzima mwaka 1891, na katikati ya miaka hiyo, yaani 1888, wanafunzi wa shule ya misheni hiyo huko Kiungani walianza kupiga chapa gazeti lao la Msimulizi.

Huko bara, katika milima ya Upare, kazi ya kwanza haikuwa ya mpigachapa, bali ya kuiingiza lugha katika maandishi. Waadventista Wasabato walifungua kituo chao Upare Kusini mwaka 1903, na mmisionari wao Ernst Kotz alitoa sarufi ya Chasu, lugha ya Wapare, mjini Berlin mwaka 1909. Agano Jipya la Chasu lilifuata mwaka 1922. Mwaka uliofuata ilitoka London tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili iliyofanywa na Godfrey Dale, padri wa Misheni ya Vyuo Vikuu, na mwaka 1969 ikatoka Nairobi ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyotoka mikononi mwa Mwislamu wa pwani yenyewe. Hivyo msomaji wa Kwakoa, chini ya milima ya Upare Kaskazini, alipata kitabu katika lugha ya nyumbani na vingine katika lugha ya sokoni na shuleni.

Mbao zilizochongwa zinaweza kudumu: hekalu la Haeinsa nchini Korea bado linatunza mbao 81,258 za karne ya 13. Herufi za Unguja zilipanguliwa kurasa zilipokamilika, lakini tahajia iliyozipanga haikupanguka, kwani Kiunguja ndicho kilichochaguliwa mjini Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.