Betri ya Nyumbani na Daftari la Gridi

Watanzania wa rika langu walijifunza kwa uchungu kwamba umeme huuzwa kwa mizani mbili. Mwaka 1995 TANESCO ilitia saini mkataba wa miaka 20 na kampuni ya IPTL kwa ajili ya mtambo wa mafuta wa megawati 100 pale Tegeta. Mtambo ulipoanza kazi mwaka 2002, shirika lilitakiwa kulipia vitu viwili: umeme uliozalishwa, na utayari wa mtambo wenyewe, hata kwa siku ambazo haukuwashwa. Malipo hayo ya utayari yalizaa mashauri ya miaka mingi, na mwaka 2014 yakalifikisha Bunge kwenye sakata la akaunti ya Tegeta Escrow. Tulibishana sana juu ya nani alilipwa na kiasi gani. Wachache waliuliza swali la msingi zaidi: kwa nini utayari ulipiwe kabisa?

Mkazi yeyote wa Dar es Salaam anaweza kulijibu. Daladala za njia moja zinaweza kufanya mamia ya safari kuanzia alfajiri hadi usiku, lakini mtumishi anayetoka kazini saa 11 jioni hahesabu safari za siku nzima. Anataka kujua kama kuna kiti sasa. Uniti tunazonunua kwa LUKU ni safari. Uwezo ni viti vinavyopatikana saa ile ambayo kila nyumba imewasha taa, televisheni na pasi. Gridi hujengwa kwa kuitazama saa hiyo, na sehemu kubwa ya gharama zake hutokana nayo. Kulipia utayari, basi, si dhuluma kwa asili yake.

Hoja yangu ni kwamba swali la nani anatambuliwa kuwa na uwezo halijawahi kuamuliwa na ufundi peke yake. Huamuliwa na yule anayeandika daftari. Leo daftari hilo halimwoni mwananchi mwenye paneli za sola na betri nyumbani kwake, na gharama ya kutomwona tunailipa sote.

Mlango wa kwanza wa kisheria ulifunguliwa Marekani. Novemba 1978, katikati ya misukosuko ya bei ya mafuta, Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoyalazimisha mashirika ya umeme kununua umeme wa wazalishaji wadogo. Bei yake ilifuata kanuni ya gharama iliyoepukwa, yaani kile ambacho shirika lingetumia kama lingezalisha lenyewe au kununua kwingine. Kanuni za utekelezaji za mwaka 1980 zilitamka kwamba gharama hiyo inaweza kuwa ya nishati, ya uwezo, au vyote viwili. Kwa maneno mengine, mzalishaji mdogo anayelipunguzia shirika haja ya kujenga mtambo mpya alistahili kulipwa kwa hilo pia.

Mwenye paneli juu ya paa hakunufaika sana na sehemu hiyo ya pili. Jua huzama kabla ya saa za matumizi makubwa, na paneli peke yake haina cha kutoa usiku. Majimbo mengi yakampa utaratibu mwepesi wa mita inayohesabu pande mbili: uniti anayoiingiza gridini mchana humfidia uniti anayoitumia usiku. Utaratibu huo ulimtambua kama muuzaji wa safari, si wa viti, na kwa wakati ule haikuwa dhuluma kubwa. Kilichobadilisha hesabu ni betri kushuka bei na kuingia majumbani.

Kuhifadhi umeme kwa ajili ya jioni si jambo geni barani Afrika. Afrika Kusini ina mabwawa yaliyojengwa kwa kazi hiyo hasa. Jiji la Cape Town lina mtambo wa Steenbras, megawati 180, tangu mwaka 1979. Shirika la Eskom lina Drakensberg wa miaka ya 1980 na Ingula wa megawati 1,332 uliokamilika katika muongo uliopita. Maji husukumwa kwenda bwawa la juu wakati mahitaji ni madogo, kisha huachiwa kushuka na kuzungusha mitambo wakati mahitaji yanapopanda. Mitambo hii hutumia umeme mwingi kuliko ule inaoutoa, maana kila mzunguko una upotevu. Hata hivyo hakuna mhandisi anayeiita hasara. Inahesabiwa kuwa vituo kamili vya umeme, kwa sababu thamani yake ni kuwepo saa inapohitajika. Betri ya nyumbani hufanya kazi ile ile, ila iko upande wa pili wa mita.

Nchi hiyo hiyo ndiyo imetupa somo kubwa zaidi la historia hii. Mwaka 1998 serikali ya Afrika Kusini ilichapisha waraka wa sera ulioonya kwamba mahitaji yangezidi uwezo wa mitambo ifikapo takriban mwaka 2007. Eskom haikuruhusiwa kujenga kwa wakati. Mwisho wa mwaka 2007 mgao ulianza, na Januari 2008 migodi mikubwa ililazimika kusimamisha kazi. Rais Thabo Mbeki alikiri hadharani kwamba Eskom ilikuwa sahihi na serikali ilikosea. Ujenzi wa kituo cha makaa ya mawe cha Medupi, chenye karibu megawati 4,800, ulianza mwaka 2007. Mtambo wake wa mwisho ulikabidhiwa mwaka 2021. Mwaka huo huo serikali iliteua meli za kuzalisha umeme zenye jumla ya megawati 1,220, kwa mikataba iliyopendekezwa kuwa ya miaka 20. Hazikuja, lakini uteuzi wenyewe unaonyesha kwamba dola ilikuwa tayari kulipia uwezo uliofungwa nanga bandarini.

Wananchi hawakusubiri. Mwaka 2023 mgao uligusa siku zaidi ya 300, na mara nyingi ulifika hatua ya sita, ambayo maana yake ni kuondoa hadi megawati 6,000 kwenye gridi. Kwa makadirio ya Eskom yenyewe, paneli za juu ya mapaa zilipanda kutoka megawati 983 Machi 2022 hadi megawati 4,412 Juni 2023. Megawati za paneli saa sita mchana hazilingani na megawati za Medupi, na sitaki kudai hivyo. Lakini nyingi zilinunuliwa pamoja na inveta na betri, maana mnunuzi alikuwa akilikimbia giza la jioni.

Daftari lilizipokeaje? Kwenye hesabu za gridi zilionekana hasa kama upungufu wa mauzo, si kama mitambo. Bajeti ya mwaka 2023 ilitoa nafuu ya kodi ya asilimia 25 ya bei ya paneli, isiyozidi randi 15,000, ila betri na inveta hazikuhusika. Serikali ilisaidia kile kinachozalisha mchana na kuacha kile kinachosaidia jioni. Zaidi ya hapo, betri hizo hazikuwa na mwongozo wowote kutoka gridini. Umeme uliporudi baada ya mgao, zilianza kujichaji zote kwa pamoja, na kuongeza mzigo saa mbaya kabisa. Betri isiyohesabiwa inaweza kuwa mzigo. Betri ile ile ikiwa na mkataba na ratiba ingekuwa nguzo.

Mwishoni mwa Machi 2024 mgao ulisitishwa kwa kipindi kirefu, na matengenezo ya mitambo yalipewa sifa inayostahili. Kuanzia Aprili 2025 ankara za Eskom zikaanza kuonyesha tozo mpya ya uwezo wa kuzalisha, ili wateja wachangie gharama za mitambo iliyo tayari hata wanapotumia uniti chache. Sioni ubaya katika kanuni hiyo. Ninachosema ni kwamba kanuni lazima ikate pande zote mbili. Kama uwezo una bei shirika linapomuuzia mteja, una bei pia mteja anapolipatia shirika.

Kuna pingamizi mbili nzito. Ya kwanza ni ya wahandisi: gridi haiwezi kutegemea maelfu ya watu wasiojuana. Lakini mwaka 2023 upatikanaji wa mitambo ya Eskom ulikuwa takriban asilimia 55, na hakuna aliyesema vituo hivyo visihesabiwe kabisa. Vilihesabiwa kwa punguzo. Tufanye hivyo hivyo kwa betri. Tuchukulie nyumba 100,000, kila moja ikiahidi kilowati 3 kwa saa mbili za jioni. Hiyo ni megawati 300. Tukadirie kwamba theluthi moja haitaitika: zinabaki megawati 200, sawa na mitambo miwili ya ukubwa wa IPTL, isiyonunua mafuta. Wala si ndoto. Katika jimbo la Vermont nchini Marekani, shirika la Green Mountain Power lilianza mwaka 2017 kuweka betri majumbani kwa makubaliano ya kuzitumia saa za matumizi makubwa, na mwaka 2020 mdhibiti aliruhusu utaratibu huo uwe wa kudumu.

Pingamizi la pili ni la haki, na mimi naliona zito zaidi. Wenye fedha hununua betri. Wasio nazo hubaki na ankara ya gridi iliyopungukiwa wateja. Nafuu ya kodi ya mwaka 2023 haikumfaa asiyekuwa na kipato cha kutozwa kodi, na vitongoji vya maskini viliendelea kukatiwa umeme kwa hoja kwamba transfoma zimezidiwa. Jambo hili halipaswi kufunikwa. Hata hivyo linaunga mkono kuhesabu. Betri isiyohesabiwa humhudumia mwenye nyumba peke yake. Iliyohesabiwa hufanya kazi ya umma, na malipo yake ya uwezo yanaweza kuwa dhamana ya mkopo kwa zahanati, shule ya kata au ushirika wa soko ambao usingeweza kununua kwa fedha taslimu. Transfoma iliyozidiwa ndipo betri ya mtaani ina thamani kubwa kuliko mtambo ulio mbali.

Kwetu Tanzania wapo watakaosema kwamba haya hayatuhusu tena, kwa kuwa Bwawa la Julius Nyerere limetuongezea megawati 2,115. Nalithamini bwawa hilo. Lakini uwezo ulioko Rufiji si uwezo ulioko mwisho wa njia. Mwaka 2025 serikali yenyewe ilieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya kanda ya kaskazini, ikitaja upotevu kwenye njia ndefu za kusafirisha umeme. Wala tusisahau ukame wa mwaka 2006, mabwawa yaliposhuka na tukakimbilia mkataba wa dharura wa Richmond, uliomwondoa Waziri Mkuu madarakani Februari 2008.

Tayari tuna kanuni za mwaka 2018 zinazomruhusu mteja mwenye mtambo mdogo kuingiza ziada gridini na kufidiwa uniti. Kenya iliingiza utaratibu wa namna hiyo katika Sheria ya Nishati ya mwaka 2019. Huo ni mwanzo mzuri, lakini bado ni hesabu ya safari. Kinachokosekana ni kifungu kinachouliza: umetoa kilowati ngapi kati ya saa 1 na saa 4 usiku, na umetoa katika eneo gani? Anayetoa alipwe sehemu ya gharama iliyoepukwa. Anayeahidi asitoe asilipwe. Kiasi hicho kichapishwe, ili kisije kuwa Tegeta nyingine.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, hili halihitaji bwawa jipya wala mkopo wa nje ili lianze. Linahitaji mita zinazotambua saa, mkataba wa kurasa chache, na safu moja zaidi kwenye daftari la mipango ya umeme. Kwa miaka mingi tumeijaza safu ya uwezo kwa majina ya makampuni. Sioni sababu ya kisheria wala ya kihandisi inayozuia zahanati ya kijiji isiandikwe humo.